Benard Oriokot wa Kwapa na Faili za Akolong

Baba paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kwapa, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Busia na Malaba: haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Benard Oriokot kama familia inavyoyajua. Yanasomwa na dada yake, Loy. Mjane wake, Metrine, ameyapitia yote, na ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba sehemu ya ugonjwa isifupishwe.

Benard alizaliwa tarehe 14 Septemba 1983 hapa Kwapa, wilaya ya Tororo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Matayo Emojong na Mama Proscovia. Mama alikuwa akipalilia maharage uchungu ulipomshika. Alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, jembe begani, na mtoto akaja kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa hapa Kwapa kuanzia mwaka 1991, kisha sekondari mjini Tororo hadi 2003. Alikuwa mtoto mpole, ila hakuna kitu chenye waya kilichokuwa salama mbele yake. Wanaokumbuka Jumapili ya Matawi ya mwaka 2001 wanajua. Benard alikuwa amekifungua kipaza sauti cha kanisa ili akitengeneze kabla ya sikukuu, na kweli kilitengenezeka. Lakini padri alipofika katikati ya mahubiri, kipaza sauti kikanasa redio ya ng'ambo ya mpaka, kikawatangazia waumini bei ya mahindi. Mzee Matayo alitaka kumchapa. Padri akasema mwacheni, siku nyingine mtamhitaji. Mwaka 2004 alikwenda Kampala kusomea uhandisi wa umeme, akahitimu 2008.

Kazi ilimchelewa, kama inavyowachelewa wengi. Alitengeneza simu na redio sokoni Busia kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2012 alipopata nafasi katika kampuni ndogo ya Tororo iliyounda mashine za kuendesha majokofu kwa umeme wa jua. Ndani ya kila mashine mlikuwa na kompyuta ndogo, bapa, isiyozidi kiganja cha mtu mzima. Waliiita Akolong, yaani jua kwa Kiteso. Akolong zilifungwa kwenye vyumba vya baridi vya wavuvi na kwenye friji za chanjo za vituo vya afya, huku kwetu na upande wa Kenya.

Kazi ya Benard ilikuwa ngumu kuieleza. Mama Proscovia, ambaye watoto wake humwita Toto, alipoulizwa na majirani kijana wake anafanya nini Tororo, alijibu, "Anaziandikia friji barua." Aliyeielewa vizuri zaidi ni Metrine, na aliielewa akiwa na hasira.

Mwezi wa Mei 2014 chumba cha baridi cha wavuvi wa Majanji, kando ya ziwa, kiliacha kupoza. Metrine, binti wa Kisamia kutoka Busia ya Kenya, alikuwa mchuuzi wa samaki, na mbuta wake wote walikuwa mle ndani. Benard alipofika na mkoba wake alimkuta amesimama mlangoni, kanga imefungwa puani kwa sababu ya harufu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Niambie kwa nini samaki wangu wameoza na hii mashine yako inawaka taa kama Krismasi."

Benard akachungulia ndani, akagusa hapa na pale. "Mashine iko mzima," akasema. "Feni pia iko mzima. Ila mashine haijui kama feni iko."

"Haijui aje, na feni imefungwa hapo juu yake?"

"Kompyuta ni kama mgeni umemfungia kwa nyumba giza. Mlango iko, dirisha iko, lakini yeye hawezi kujua mpaka mtu amwambie. Sasa kuna faili inamwambia: feni iko kwa waya hii, kipima joto iko kwa ile, betri inataka umeme kiasi hiki. Hiyo faili ndio mimi naandika. Hapa mtu alibadilisha feni, hakubadilisha faili."

"Basi iambie," Metrine akasema, "na ukimaliza kuiambia, uje unisaidie kumwaga hizi."

Aliiambia. Kisha akakunja suruali na kubeba makapu ya samaki waliooza mpaka shimoni, akarudi Tororo akinuka hivi kwamba watu walimhama kwenye benchi. Wiki iliyofuata alirudi Majanji, na hakuna mashine iliyokuwa imeharibika. Walifunga ndoa kanisani Busia, upande wa Kenya, Jumamosi tarehe 12 Desemba 2015, wakahamia Sofia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Mungu aliwajalia Carol mwaka 2017 na Isaac mwaka 2020.

Hapa inabidi tueleze jambo moja, maana ndilo lililomtesa hadi mwisho. Faili zile hazikukaa Tororo. Zilikaa ndani ya kiini cha mfumo huria wa kompyuta, ule usio na tajiri wake, unaotengenezwa na watu wa nchi nyingi kwa kuandikiana. Kila kipande cha kiini hicho kina jina la mtunzaji. Mtu yeyote duniani akitaka kugusa kipande, humwandikia mtunzaji wake kwanza na kungoja neno lake. Kwenye faili za Akolong, tangu mwaka 2013, jina lilikuwa moja tu: Benard Oriokot.

Kampuni ilifungwa mwaka 2019. Wenzake walitawanyika, mmoja Nairobi, mwingine Juba. Benard alifungua kibanda cha kutengeneza simu pale Sofia na akaendelea kuzitunza faili bila mshahara, kila asubuhi kabla wateja hawajafika.

"Baba Carol, kampuni imekufa," Metrine alimwambia. "Hiyo kazi unamfanyia nani?"

"Friji hazijakufa," akajibu.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na kisukari. Alipambana nacho kwa utii, akaacha soda, akaacha sukari kwenye chai, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia ndani. Oktoba 2023 figo zilishindwa, akaanza kuvuka mpaka kwenda hospitali ya upande wa Kenya kusafishwa damu. Mwanzoni alikwenda na kompyuta yake, akifanya kazi kwa mkono mmoja huku mwingine umechomwa sindano. Machi 2024 damu iliingiwa na maambukizi. Alilazwa majuma kadhaa hajitambui vizuri, Metrine akilala sakafuni chini ya kitanda chake, na siku alipozinduka aliuliza mbona taa za wodi zimezimwa. Taa zilikuwa zinawaka. Macho ndiyo yalikuwa yanakwenda.

Yaliyofuata hatukuyajua mpaka mwaka huo ulipokuwa umeisha. Januari 2025 muuguzi mmoja wa upande wa Merikit, Daphine, alifika kibandani Sofia amebeba mashine ya Akolong kwenye mfuko wa plastiki. Metrine alikuwapo. Benard alikaa kwenye stuli akigeuza uso kuifuata sauti.

"Injinia," Daphine akasema, "friji haikuniita."

"Haikukuita namna gani?"

"Zamani ikipata joto ilikuwa inanitumia meseji, hata umeme ukiyumba kidogo. Mwezi wa kumi na moja ilinyamaza kimya. Mimi nilikuwa msibani kwetu. Nimerudi Jumatatu, nimefungua mlango, chanjo zote zimekwisha. Tuliomba zingine, zikachelewa. Sasa surua imeingia." Akaitoa mashine mfukoni, akamalizia, "Mtoto wa Apolot, jirani yangu, amezikwa Alhamisi. Alikuwa kwenye orodha ya kuchanjwa wiki ile."

Benard alinyoosha mikono. Aliipokea mashine, akaipapasa kingo zake zote, akaiweka mapajani.

Kwa kuwa macho yake hayakuweza tena kusoma, Metrine ndiye aliyemsomea. Mwanamke ambaye hajawahi kufungua faili ya aina hiyo maishani alikaa mbele ya kompyuta akasoma alama kwa alama, na zile asizozijua majina yake akazibatiza. Mabano ya mawimbi yalikuwa kikapu kinafunguka na kikapu kinafungwa. Nukta yenye mkato chini yake aliiita kiluwiluwi. Benard alimsikiliza amefumba macho, kichwa ameinamisha, na aliposikia kikapu kimefungwa mapema akamwinulia mkono.

"Rudi juu. Soma tena ile ya umeme wa simu."

Alisoma tena.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka, Baba Carol. Hakuna mwingine."

Mstari haukuwapo. Ulikuwa ndio unaoiambia mashine isizime kamwe umeme wa kile kisimu cha ndani kinachotuma ujumbe. Bila mstari huo friji iliendelea kupoza kama kawaida, ila siku ya kushindwa ilikosa sauti. Metrine akatafuta kwenye barua pepe za nyuma, akakuta. Machi 2024, mtu mmoja wa mbali sana, aliyekuwa akisafisha faili za mashine nyingi kwa pamoja, alimwandikia Benard kwa adabu: mstari huu unaonekana hauna kazi, je, bado unahitajika? Hakujibiwa. Akaandika tena, akangoja. Mwisho akauondoa, kama taratibu zao zinavyoruhusu, na kiini kipya kikafika polepole hadi kwenye friji zetu.

"Watu wabaya hawa," Metrine akasema, akilia.

"Si wabaya. Walibisha hodi, mara mbili. Mimi ndio sikuwa nyumbani."

"Ulikuwa unakufa kwa wodi!"

"Wao wanajuaje? Jina langu liko pale. Jina linawaambia mimi niko."

Kiraka, yaani badiliko dogo la kuurudisha mstari ule, walikiandika pamoja, yeye akitamka na Metrine akibonyeza, na Februari kilikubaliwa. Mashine ya Daphine ilianza tena kumwita. Watu walikuja kumpongeza Benard, naye akawashukuru, lakini nyumbani hakula vizuri tena. Alimwomba Metrine ampeleke kwa Apolot. Walikwenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa mama yule, akamweleza habari ya mstari, na Apolot akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa hiyo inanisaidia nini?" Benard akasema haisaidii. Apolot akaingia ndani, akawaletea maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutafuta mrithi. Aliwaandikia aliosoma nao Kampala, akawaandikia wenzake wa kampuni, akauliza hata kwenye barua za wale watu wa mbali. Wengine walisema hawana mashine ya kujaribia. Wengine walisema kwa upole kwamba mashine zenyewe ni chache na za zamani, pengine ni wakati wa kuziondoa kabisa kwenye kiini. Aliposikia hilo alipiga simu vituo vyote alivyovikumbuka, Kwapa, Merikit, Majanji, akauliza kama friji zinafanya kazi, ili awaonyeshe wale wa mbali kuwa bado kuna watu wanaozitegemea. Mhandisi mmoja kijana wa Tororo, Paddy, alikubali. Alikuja Sofia majuma mengi, akafundishwa, akapendwa na watoto. Mwezi wa Juni akapata kazi Uarabuni. Alikuja kuaga akiwa hawezi kumwangalia mtu usoni, ingawa Benard hakuwa na macho ya kumwangalia.

"Nenda, ndugu yangu," Benard akamwambia. "Una mama anakutegemea." Paddy alipotoka, Benard akageukia ukutani.

Agosti madaktari walisema mishipa ya kuchomea sindano imekwisha, damu haiwezi kusafishwa tena. Alirudi nyumbani. Jumatatu moja alasiri, watoto wakiwa shule, alimwita Metrine alete kompyuta.

"Tunaandika kiraka kimoja," akasema. "Kidogo tu. Kile cha orodha ya watunzaji. Toa jina langu."

Metrine alidhani hakusikia vizuri. "Nitoe kwa nini?"

"Toa jina. Kisha pale panasema kipande kinatunzwa, futa, andika yatima."

Hilo ndilo neno wanalolitumia kwa kipande kisicho na mtu. Metrine aliifunga kompyuta.

"Siandiki."

"Mama Carol."

"Siandiki mimi. Nimekusomea hivi vikapu na viluwiluwi mpaka naviota. Nimeandika kila ulichotaka. Hili hapana. Hakuna neno lingine?"

"Hakuna. Ndio neno yao."

"Mwaka huu watoto wangu wataitwa hilo neno mara ngapi? Na wewe unataka nilianze mimi, na mikono yangu?"

Benard alilia. Katika miaka yote ya ugonjwa Metrine hakuwa amemwona akilia. Alitoka nje, akakaa kizingitini, akaangalia malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Aliomba. Anasema hakujibiwa chochote. Aliporudi ndani alimkuta amejiinua, amekaa, mikono inapapasa shuka ikitafuta kompyuta ili ajaribu mwenyewe.

"Sikia," akamwambia Metrine, pumzi ikimkatika. "Mtu mwingine atabisha hodi. Ataona jina, atangoja. Mimi sitajibu. Halafu hapa kwetu mtu atazika mtoto. Bora waone hakuna mtu, watafute njia nyingine. Kwa jina langu tena, hapana."

Metrine aliketi kando yake akaandika. Alitoa jina. Aliandika neno lile, akaweka alama zake zote mahali pake. Kwa utaratibu wao, chini ya kila kiraka hukaa jina la anayekubali kukibeba, na hapo Benard akamtamkia jina lake yeye mwenyewe, Benard Oriokot, herufi kwa herufi, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Metrine anasema hakuhitaji kutamkiwa, ila hakumkatiza.

Siku mbili baadaye jibu lilikuja. Msimamizi wa sehemu ile aliuliza kama Benard angependa jina libaki angalau hadi mwisho wa mwaka, kwa heshima ya kazi yake. Metrine alimsomea akitumaini. Benard akasema, "Mwambie asante. Mwambie hapana." Kiraka kilikubaliwa tarehe 28 Agosti.

Alifariki nyumbani kwake Sofia, Jumanne asubuhi, tarehe 2 Septemba 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka arobaini na miwili. Alikuwa ameomba chai ya tangawizi. Metrine alipoileta, Toto, aliyekuwa amekaa kitandani ameshika miguu ya mwanawe, alitikisa kichwa, akamwambia aiweke chini.

Familia haitawadanganya kwamba mambo yamekaa sawa. Hadi ratiba hii ya mazishi inapochapishwa hakuna aliyejitokeza kuzichukua faili za Akolong. Friji zinaendelea kufanya kazi, na hatujui ni hadi lini. Daphine yuko hapa pamoja nasi. Ametuambia kwamba tangu Jumanne haiamini tena mashine peke yake. Anakwenda kuifungua friji na kutazama kipima joto asubuhi na jioni, hata Jumapili, na leo ameacha ufunguo kwa Apolot, ambaye amekubali kwenda kutazama badala yake.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Proscovia. Mke wake, Metrine. Watoto wake, Carol na Isaac. Dada yake Loy na kaka yake John Paul. Mashemeji zake wa Busia, Chrispinus na Nereah. Na wapwa wengi. Ametanguliwa na baba yake, Mzee Matayo.

Apumzike sasa kwa amani, ndugu yetu, na Mungu asitutupe sisi tuliobaki.